Siku ya Utamaduni Imepewa Jina Jingine: Je, Sisi Tufanye Nini?

(Maneno ya Kamati, yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya tena baada ya mwaka mzima, ijapokuwa viti vingine vimebaki vitupu. Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia, na hesabu za sanduku la maziko mmezikubali. Sisi wa Kamati tumepewa kazi ya kusema juu ya neno moja ambalo halikupata suluhisho katika vikao vya mwaka huu. Neno lenyewe ni hili: je, Chama chetu kiendelee kuiweka tarehe 10 Oktoba kuwa siku ya utamaduni, ama tuiache, maana jina hilo halimo tena katika sikukuu za taifa?

Yuko mwanachama aliyetoa shauri kwamba fedha zinazotumika siku hiyo zitiwe katika sanduku la maziko. Shauri hilo si la upuuzi. Aliyelitoa ni mtu aliyezika mara mbili katika mwaka mmoja, naye ajua vema thamani ya shilingi pale gari la kupeleka maiti bara linapongoja na mafuta hayajalipwa. Kwa hiyo hatutaki kumjibu kwa maneno matamu. Twataka kumjibu kwa hoja, kisha ninyi mtaamua.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi siku hii ilivyokuja, maana vijana wengi hawajui, na baadhi ya wazee tumekwisha kuchanganya. Zamani tarehe 10 Oktoba ilikuwa sikukuu kwa jina la Rais wa pili wa nchi yetu, Daniel arap Moi. Katiba mpya ilipopatikana mwaka 2010 ilitaja siku za taifa tatu tu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Wengi wakadhani kwamba tarehe 10 Oktoba imekufa, wakaenda kazini kama siku nyingine zote. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ingali sikukuu, kwa kuwa sheria ya sikukuu haikuwa imebadilishwa. Baadaye sheria ikabadilishwa, na mwaka 2021 taifa likaiadhimisha kwa jina la Siku ya Utamaduni. Mwaka ule tarehe 10 iliangukia Jumapili, tukapumzika Jumatatu. Mwaka 2022 na mwaka 2023 jina likawa lile lile. Halafu mwaka 2024 sheria ikabadilishwa tena, na siku ikaitwa Siku ya Mazingira.

Basi siku moja imevaa kanzu tatu, na mtoto aliyeiona ikibadilishwa mara zote hajafika hata utu uzima. Si ajabu watu wakiuliza kama ina maana yoyote.

Lakini yatupasa kutenga mambo mawili. Jina la sikukuu ni jambo la sheria ya Bunge, nayo Bunge lina haki ya kulibadilisha. Utamaduni wenyewe ni jambo la Katiba. Kifungu cha 11 chautambua utamaduni kuwa ndio msingi wa taifa. Kifungu cha 44 champa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki katika utamaduni wake, bila ya kumlazimisha mwingine. Kifungu cha 7 chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo chaiagiza Serikali izilinde lugha za watu wote wa Kenya. Hayo hayakufutwa mwaka 2024. Kilichoondoka ni kibao cha mlangoni, na nyumba ingali imesimama.

Sasa twaja kwetu sisi wenyewe. Wazee mwajua kwamba vyama vya kusaidiana katika miji ya nchi hii vilianza zamani, watu walipotoka makwao kuja kutafuta kazi Mombasa, Nairobi na Kisumu. Vingi viliundwa kwa kabila. Wajaluo walikuwa na chama chao, Waluhya chao, nao watu wa makabila tisa ya Pwani wakajiunga pamoja. Hao wa Pwani wana funzo kubwa kwetu. Wageni waliwaita Wanyika, jina la dharau, kana kwamba ni watu wa porini tu. Katika miaka ya 1940 ndipo jina la Mijikenda lilipoenea, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe na Warabai. Hakuna mmoja aliyeambiwa aache kuwa Mrabai ili awe Mmijikenda. Kila mmoja alibaki na kaya yake, na jina la pamoja likawa nguvu juu ya nguvu.

Chama chetu hakikuundwa kwa kabila. Sisi ni watu wa mtaa mmoja, tuliokutana kwa kazi za bandarini, za reli, za viwandani na za nyumbani. Wengi wetu twakumbuka Agosti mwaka 1997, machafuko yalipozuka Likoni na watu wa bara wakawindwa. Baadhi yetu tulilala usiku kadhaa katika nyumba za majirani wa kabila jingine, nao wenye nyumba wakakaa mlangoni hata kukicha. Wapo hapa leo waliolala, na wapo waliokaa mlangoni. Twakumbuka tena Januari mwaka 2008, simu zilipokuwa zikilia kutoka bara na kila mlio ukiwa habari mbaya. Kwa ajili hiyo, twaposema juu ya makabila mengi kuishi pamoja, hatusemi habari za vitabuni. Twasema habari za ule mlango.

Hata hivyo, twakiri mbele yenu kwamba sisi wa Kamati tuliikosea siku hii. Mwaka wa kwanza tulikodi kikundi cha ngoma na vipaza sauti. Watu walikula, wakapiga makofi, wakaenda zao. Watoto wetu walikaa nyuma wakitazama simu zao, na hatukuwa na haki ya kuwalaumu, maana hatukuwapa kazi yoyote. Fedha nyingi zilikwenda kwa wachezaji ambao hatukujua hata majina yao. Tuliununua utamaduni kama mtu anunuavyo samaki, wala samaki mwenyewe hakulala na harufu nyumbani.

Mwaka wa pili fedha zilipungua, na upungufu huo ukatufaa. Kina mama wakasema, “Kila mmoja alete chungu chake.” Wakaleta mboga. Hapo pakazuka jambo ambalo hatukulipanga. Mama mmoja wa Pwani alifunua chungu, akasema, “Huu ni mnavu.” Mama wa Kikuyu akatazama akasema, “Hii ni managu.” Mjaluo akasema ni osuga, Mkisii akasema ni rinagu. Chungu cha pili kikafunuliwa: wa Pwani wakasema mgagani, Waluhya tsisaga, Wajaluo akeyo, Wakisii chinsaga. Watoto walicheka, kisha wakaanza kuuliza wenyewe. Kwa nini mmoja hutia maziwa na mwingine nazi? Kwa nini huyu huchemsha akamwaga maji ya kwanza na yule akaona ni kuharibu? Walijifunza kwamba kitu ni kimoja na majina ni mengi, na kwamba kila jina lina njia yake ya kupika. Hatujui somo jingine la umoja lililo wazi kuliko lile.

Tena mboga hizo zina historia yake. Kwa miaka mingi watu wa mjini walizidharau, wakaziita chakula cha maskini. Kabeji na sukumawiki vikashika mahali pake. Ndipo wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wenzao wakaanza kuzikusanya, kuandika majina yake pamoja na wazee wa vijijini, na kuwafundisha watu faida zake. Leo zauzwa katika masoko makubwa na huhudumiwa mahotelini. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiweka kazi hiyo ya Kenya katika orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi, ili mataifa mengine waige. Ikiwa ulimwengu wazima umejifunza kwetu jambo la mnavu na mgagani, je, watoto wa mtaa huu wasijifunze kwetu?

Mwaka 2024 jina lilipobadilika, tulinyamaza. Tulipanda miche michache kando ya uwanja ili tusionekane wavivu, na picha zikapigwa. Hakuna aliyepewa kazi ya kuinywesha maji. Ilikauka yote kabla ya Krismasi. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tufikiri upya, tukaona kwamba tulifanya kosa lile lile la mwaka wa ngoma: tuliifanya siku kuwa maonyesho.

Katika kutafuta njia tulizungumza na wazee wa kaya walio miongoni mwenu, nao wakatufumbua macho. Misitu mitakatifu ya makaya ya Mijikenda iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Iliyoandikwa ni misitu kadhaa, iliyotawanyika katika pwani yetu kwa mwendo wa kilomita 200 hivi, nayo mingine iko karibu nasi, huko Rabai. Ndani yake yamo mahame ya miji ya kale iliyozungukwa na boma la miti. Watu wamekwisha kutoka, lakini msitu umebaki. Umebaki kwa sababu gani? Haukuwa na ukuta wala askari. Ulilindwa na miiko: usikate mti, usitoe kitu, usiingie ovyo ovyo. Hata leo mgeni aendaye Kaya Kinondo, kule Kwale, hufungwa kaniki kwanza, akaelezwa adabu ya mahali. Mwaka 2009 UNESCO iliziandika mila zenyewe za kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, maana wazee wazijuao wapungua na ardhi yatamaniwa.

Wazee wakatuambia hivi: pale ambapo mila imekufa, shoka huingia, pale ambapo mila ingali hai, mti ungali umesimama. Basi tukaona kwamba tulikuwa tukibishana bure. Mazingira na utamaduni si siku mbili zinazogombea tarehe moja. Mwenye kujua jina la mti, na dawa yake, na mwiko wake, ndiye ataulinda. Asiyejua jina lake huuona kuwa kuni.

Sasa tujibu wenye shaka. Wapo ndugu zetu, Waislamu kwa Wakristo, wasemao kwamba siku ya utamaduni yaweza kuwarudisha watu kwenye mizimu. Twawaheshimu, na twawaambia wazi: hatumwiti mtu kufanya ibada ambayo dini yake yamkataza. Kumwamkia mzee kwa adabu, kujua ukoo wako, kutega kitendawili, kupika chakula cha bibi yako, hayo hayamtoi mtu katika dini. Lenye kuleta mashaka tutaliacha kwa mwenyewe.

Wapo pia wasemao kwamba kutaja makabila ni kuamsha ukabila. Shaka hiyo tunaielewa, maana tumeyaona ya 1997 na ya 2008. Lakini mwenye kujua mila ya jirani yake ni vigumu kumwogopa. Ukabila hula katika kutojuana. Tazameni Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Watoto wao walizaliwa Kwale, wakazeeka Kwale, bila ya kitambulisho. Oktoba mwaka 2016 walikwenda kwa miguu kuelekea Nairobi, wakamweleza Rais haja yao, wakakubaliwa kuwa raia, na wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walio kwetu Pwani nao wakatambuliwa mwaka 2023. Je, sisi wengine tulipungukiwa na nini? Hatukupungukiwa na kitu. Tulipata ndugu ambao tayari walikuwa majirani zetu.

Limebaki shauri la fedha za maziko, nalo ndilo zito kuliko yote. Hapa twaomba ruhusa ya kusimulia jambo mlijualo baadhi yenu. Hatutataja jina, kwa heshima ya wafiwa.

Mwenzetu alifariki, na Chama kikamsafirisha hata kwao bara, kama desturi yetu ilivyo. Kila shilingi ilitoka katika lile sanduku. Tulifika alfajiri. Mama yake marehemu, ajuza asiyeona vema, alimwita mjukuu wake, kijana aliyezaliwa na kukulia hapa mjini. Akamshika mkono, akaanza kumwambia maneno marefu kwa lugha yake. Yalikuwa maneno ya baraka, ya kumkabidhi nyumba ya baba yake. Kijana hakuelewa hata moja. Alitugeukia sisi, huku machozi yakimtoka, akasema, “Anasema nini?” Jamaa zake walikuwa mbali wakichimba kaburi. Aliyemfasiria alikuwa mwanachama wetu Mduruma, ambaye alifanya kazi bandarini na marehemu kwa miaka mingi na kujifunza lugha yake katika mapumziko ya chai.

Tulirudi kimya. Mwili wa baba tuliufikisha nyumbani, na sanduku lilifanya kazi yake vema. Lakini mtoto wake alisimama uwanjani kwa bibi yake kama mgeni, na sanduku halikuwa na fedha za kulitibu jambo hilo. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Kijana yule hakuiacha asili yake. Sisi wazazi hatukumpa. Lakini tusisahau sehemu ya pili ya habari hii: aliyemwokoa ni jirani wa kabila jingine aliyekuwa ameipenda lugha isiyo yake. Mambo yote mawili ndiyo tuyatakayo katika tarehe 10 Oktoba: mtoto aijue asili yake, na jirani aijue pia.

Kwa hiyo Kamati yaleta mashauri haya mbele yenu.

Kwanza, tarehe 10 Oktoba iwe siku yetu kwa yote mawili. Kwa sheria ya nchi ni Siku ya Mazingira, nasi twaitii. Kwa desturi ya Chama iwe pia siku ya utamaduni.

Pili, tusikodi tena kikundi cha ngoma wala vipaza sauti. Fedha zote zilizokuwa zikitumika kwa hayo zitiwe katika sanduku la maziko, kama mwenzetu alivyoshauri. Katika hilo twakubaliana naye kabisa.

Tatu, kila nyumba ilete chungu kimoja na mtoto mmoja. Mtoto huyo ndiye atakayekitaja chakula kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili, na kueleza kinavyopikwa. Mzazi asimsemee. Mtoto akishindwa, lawama ni ya mzazi.

Nne, tupande miti michache, kila mti uwe na nyumba yake ya kuutunza, na mzee mmoja aeleze jina lake na faida yake. Katika Mkutano Mkuu ujao orodha isomwe hadharani: mti wa fulani u hai, mti wa fulani umekufa. Aibu ni mwalimu mzuri.

Tano, Katibu anunue daftari kubwa lenye jalada gumu, na kila mwezi kijana mmoja akae na mzee mmoja aandike: majina ya ukoo, methali, majina ya miti, desturi za kuoa na za kuzika. Aandike kwa lugha ya mzee, na tafsiri ya Kiswahili kando yake. Gharama yake ni bei ya daftari na kalamu. Mzee akiondoka, tutakuwa tumezika mwili wake tu, na maneno yake yatabaki.

Ndugu Wanachama, sikukuu yaweza kupewa jina na Serikali, nayo Serikali yaweza kulitwaa. Haiwezi kumfundisha mtoto wako jina la bibi yake. Kazi hiyo ni yetu, wala haihitaji tangazo la mtu yeyote.

Penye wazee haliharibiki neno. Mashauri tumekwisha kuyaweka mbele yenu. Mikono ni yenu. Yule aliyetoa shauri la kwanza tunamwomba awe wa kwanza kusema, nasi tutamsikiliza kwa adabu. Na mkikubali, basi kijana tuliyemsimulia yuko nje hapo mlangoni. Amekuja na kalamu yake, na ameomba yeye awe wa kwanza kuandika katika daftari.